Uhuru si bendera tu: mfano wa Olusuba kisiwani Mfangano

Neno 'uhuru' linatokana na 'huru', lenye asili ya Kiarabu. Hapo kale, huru alikuwa mtu asiye mtumwa. Kufikia 1963 maana ilikuwa imepanuka: nchi kujitawala. Wengi wetu tumeishia hapo, ati bendera ikipanda basi mambo yamekwisha.

Hebu tuvuke Ziwa Victoria hadi Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Wenyeji wake, Abasuba, wana lugha yao ya Kibantu, Olusuba. Leo hakuna sheria inayowakataza kuizungumza. Hata hivyo, kwa vizazi kadhaa ndoa, soko na shule vimewavuta kwenye Dholuo, na watoto wengi hukua wakijua hiyo tu. Je, wamechagua?

Ndipo wanafalsafa hutofautisha kutozuiwa na kuwezeshwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha aitakayo. Kifungu cha 7 nacho kinaitwika serikali jukumu la kulinda na kukuza lugha za wananchi. Haki hiyo bila jukumu hili ni kumwambia mvuvi ziwa ni lako, na nyavu hana. Mzee akisema kwa Olusuba barazani, uhuru wa kusema anao. Wajukuu ndio hawamsikii.

Mfangano kwenyewe kulianzishwa redio ya jamii iitwayo Ekialo Kiona, ikatangaza kwa Olusuba. Maana ya jina hilo ni 'ulimwengu mzima'.