Sentimita Chache Chini ya Tope la Mwea

Kwenye maduka ya nafaka ya Nyamakima, katikati ya Nairobi, pishori ya Mwea hujitangaza kwa harufu kabla mnunuzi hajauliza bei. Mchele huo hutoka umbali wa takribani kilomita 100, katika Kaunti ya Kirinyaga, kwenye mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa miaka ya 1950. Bei yake hubeba pia gharama ya mbolea, ambayo sehemu yake kubwa huenda isiufikie mmea kamwe.

Mfuko wa kilo 50 wa yuria una kilo 23 za naitrojeni. Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Nafuu hiyo ni kubwa kwa mkulima, lakini yuria ikirushwa juu ya maji ya jaruba, mara nyingi mpunga huambulia kama theluthi moja tu ya naitrojeni yake.

Hasara huanzia majini. Yuria ikiyeyuka hugeuka amoniamu. Mchana wa jua kali, mwani hufyonza kaboni dioksaidi na kuyafanya maji yawe na ualkali zaidi, na hapo amoniamu hugeuka gesi ya amonia na kupaa.

Inayobaki hukumbana na hatari nyingine kwenye ngozi ya juu ya udongo, yenye unene wa milimita chache, ambako bado kuna oksijeni. Bakteria huigeuza amoniamu kuwa naitreti. Naitreti haishikamani na udongo. Huteremka hadi kwenye tope lisilo na hewa, ambako bakteria wengine huigeuza kuwa gesi. Baadhi yake ni nitrasi oksaidi, inayopasha dunia joto takribani mara 270 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia), inayotumika sana Mwea, hupoteza amonia kidogo zaidi hewani, lakini ikiachwa juu haiepuki hatari hii ya pili.

Sentimita 7 hadi 10 chini, mambo hubadilika. Huko hakuna oksijeni, kwa hiyo amoniamu hubaki amoniamu. Chembe zake zina chaji chanya, na udongo mweusi wa mfinyanzi wa Mwea, wenye chaji hasi, huzishika hadi mizizi izifikie. Kwenye udongo wa kichanga mshiko huo ni hafifu, na naitrojeni huweza kuchujika na maji.

Nchini Bangladesh, yuria hubanwa kuwa vidonge vya gramu 1.8 au 2.7, kisha wakulima hufukia kimoja kwenye kina hicho katikati ya kila mashina manne, siku chache baada ya kupandikiza. Wengi hupunguza yuria kwa takribani theluthi moja huku mavuno yakiongezeka.

Kikwazo ni kazi ya mikono. Kwa nafasi ya sentimita 40 kwa 40, ekari moja huhitaji vidonge 25,000 hivi. Vikiwa vya gramu 1.8, vyote vina uzito wa chini ya mfuko mmoja, lakini kuvifukia kimoja kimoja ni kibarua cha kuumiza mgongo. Bila mashine nyepesi ya kufukia, ujira wa vibarua unaweza kumeza faida yote.

Asiye na vidonge bado ana njia: mbolea ya kupandia ichanganywe na tope kabla ya jaruba kujazwa maji, na wakati wa kukuzia, maji yapunguzwe kwanza, mbolea itiwe, kisha yarudishwe taratibu ili yaiteremshe udongoni.