Nyumba ya Njiro ikigeuka gesti

Mwenye nyumba Njiro au Sekei, Arusha, anayepokea watalii kupitia Airbnb mara nyingi hujihesabu mwenye nyumba tu. Kodi ya jengo anakatwa kila mwezi anaponunua umeme wa LUKU, basi anaona amemalizana na serikali. Lakini ile shilingi 1,500 kwa mwezi, kiwango cha nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, ni ya jengo, mapato haiyagusi. Ukishamtandikia mgeni kitanda na kumtoza kwa usiku, umeingia kwenye biashara ya malazi. Sheria ya VAT ya 2014 inasamehe pango la makazi, malazi ya kibiashara haiyasamehi, na Sheria ya Utalii ya 2008 inamtaka anayelaza watalii awe na leseni.

Wengi hulikimbia jina la biashara wakidhani litawafilisi. Hesabu inakataa. Chukua nyumba inayolaza wageni usiku 150 kwa mwaka, shilingi 100,000 kwa usiku: mauzo ni milioni 15. VAT iko mbali, maana usajili wa lazima huanzia mauzo ya milioni 200. Ushuru wa huduma wa halmashauri hauzidi asilimia 0.3, yaani shilingi 45,000. Kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo, ambayo Sheria ya Fedha ya 2022 iliiweka asilimia 3.5 ya mauzo kwa wenye milioni 11 hadi 100, ni shilingi 525,000. Pango lingekatwa asilimia 10 ya fedha ghafi, yaani milioni 1.5! Leseni na tozo za utalii zinaongezeka, kweli, lakini pengo hilo si dogo.

Wapo wanaosema mtandao wa Airbnb umeshatozwa asilimia 2 tangu 2022. Hiyo ni kodi ya kampuni ya nje, si yako. Hoja nzito ni ya madawati: TRA, wizara ya utalii, halmashauri, na kuzunguka Mlima Meru halmashauri zenyewe ni tatu. Njiro ni Jiji, Ilboru ni Wilaya ya Arusha, Tengeru na Usa River ni Meru. Usumbufu huo ni wa kweli, ila dawa yake ni dirisha moja la usajili, si msamaha, maana mwenye gesti Kaloleni analipia kitanda kama hichohicho. Dirisha hilo lifunguliwe kabla ya mechi za AFCON 2027, wakati wenye nyumba bado wanapanga bei.