Mintarafu ya Wale Waambiwao Hawana Sauti

Kila mwaka, majira ya mashindano ya muziki yanapokaribia, mashindano ambayo Kenya imekuwa nayo tangu 1927, walimu wa kwaya katika shule za Mwatate, kama wenzao wa Voi, Wundanyi na Taveta, huwapanga watoto mistari, wakapita mbele ya mmoja mmoja wakitega sikio, na yule ambaye wimbo wake hauafikiani na wa wenziwe huguswa bega akaambiwa akae kando, kwa kuwa hana sauti. Hukumu hiyo hutolewa kwa dakika moja na hubebwa umri mzima: mtoto hukua, huoa au huolewa, akasimama kanisani akifumbua na kufumba midomo bila ya kutoa neno, na akiulizwa sababu hujibu kwamba Mola hakumjaalia. Nathubutu kusema kwamba katika hukumu zote zitolewazo shuleni, hii ni miongoni mwa zile zenye ushahidi haba kabisa.

Wala nchi ya Wadawida, yaani Wataita, haijapata kuwa na ukame wa sauti. Palikuwa na ngoma ya mwazindika kabla wamisionari hawajapanda Sagalla mwaka 1883 na baadaye kufika Bura, jirani na Mwatate, wakiwa na tenzi zao za sauti nne. Fadhili William, ambaye aliimba wimbo wa “Malaika” kabla watu hawajaanza kubishana ni nani aliyeutunga, alizaliwa Taita mwaka 1938. Na Boniface Mghanga, aliyewahi kuwa mbunge wa Voi, ndiye aliyeiongoza Muungano National Choir ilipoirekodi Missa Luba mwaka 1990. Sifa za watu hao zimesemwa vya kutosha. Ninaowashughulikia mimi ni wale waliowekwa kando.

Tulitazame koo kwanza. Ndani ya kongomeo mna mikunjo miwili ya nyama laini, iliyotandwa utando wenye unyevu, ambayo kwa mwanamume mzima urefu wake ni karibu sentimita 2 na kwa mwanamke hupungua hapo. Hufanya kazi kama midomo ya mpiga baragumu: hukutana, pumzi itokayo mapafuni ikaisukuma ikaachana, kisha unyumbufu wake pamoja na mwendo wa hewa ipitayo baina yake huirudisha pamoja, na jambo hilo hujirudia, mwanamume anapozungumza, kiasi cha mara 120 kwa sekunde, na kwa mwanamke kiasi cha mara 200. Mwanamke aimbaye noti ile ambayo wapiga vinanda hulinganishia vyombo vyao hutetemesha mikunjo yake mara 440 katika sekunde moja, bila ya habari. Mnamo 1950 mtaalamu wa Ufaransa, Raoul Husson, alidai kwamba kila mtetemo huamrishwa peke yake na ubongo kupitia mishipa ya fahamu; dai hilo lilisisimua watu kwa muda, lakini halikusimama, na kufikia 1958 Janwillem van den Berg, Mholanzi, alikwisha kubainisha kwamba pumzi na unyumbufu vinatosha. Ubongo huinyosha mikunjo au kuilegeza tu. Ikinyoshwa ikawa mirefu na myembamba, sauti hupanda, ikilegezwa, hushuka.

Taabu ya mwanafunzi yatoka hapohapo. Mtu hujua bila ya kutazama kidole chake kimekunjwa kadiri gani, lakini hakuna awezaye kusema, kwa kuhisi tu, mikunjo ya koo lake imenyoshwa kiasi gani. Mwalimu mmoja wa kuimba, Manuel García, Mhispania, alitamani mno kuiona, na mwaka 1854 huko Paris alitia kioo kidogo cha daktari wa meno nyuma ya kinywa chake, akakiangazia jua kwa kioo cha pili, akaliona koo lake mwenyewe likifanya kazi. Mwaka uliofuata habari hiyo ilisomwa mbele ya Royal Society ya London, na matabibu wakapata chombo ambacho wangali wanakitumia kwa sura nyingine hadi leo. Waimbaji hawakupata msaada mkubwa, kwa maana hakuna awezaye kuimba wimbo mzima na kioo kooni, na García mwenyewe, aliyeishi hata kuvuka miaka 100, aliendelea kuwafundisha wanafunzi wake kwa sikio.

Basi yote yamo katika mapatano ya sikio na koo, na mapatano hayo mtu hazaliwi nayo. Wengi hudhani kwamba aimbaye nje ya lahani hasikii tofauti baina ya sauti na sauti. Na kweli wako watu wa namna hiyo tangu kuzaliwa, lakini ni akali mno, mmoja au wawili katika 100. Mwaka 2007 Peter Pfordresher na Steven Brown waliwapima waimbaji wabovu, ambao aghalabu hukadiriwa kufika watu 15 katika 100, wakaona kwamba walitambua tofauti za sauti kama wenzao. Burhani iliyonipendeza zaidi ilitoka Montreal mwaka 2012: Sean Hutchins na Isabelle Peretz waliwapa watu wasio wanamuziki chombo ambacho sauti yake hupanda na kushuka kwa kutelezesha kidole, wakawaambia waifuate kwacho sauti waliyosikizwa, na wengi wao wakaifikia vizuri, kisha wakaambiwa waifuate sauti ileile kwa koo, wakapotea mara nyingi zaidi. Sikio lilikuwa lilelile, na kidole, ambacho hakijapata kuimba tangu dunia iumbwe, kilishinda koo. Aliyeguswa bega akawekwa kando, kwa hiyo, yamkini alisikia makosa yake vizuri kama alivyoyasikia mwalimu. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha njia ya kutoka sikioni kwenda kooni.

Njia hiyo huanza kwa mwendo wa taratibu. Huko huko Montreal, katika uchunguzi mwingine wa 2007, wapita njia walioombwa kuimba wimbo unaojulikana na kila mtu waliukosea mahali pengi, lakini baadhi yao walipoambiwa wauimbe polepole, makosa yalipungua mno. Mwalimu wa kwaya aliyebakiwa na majuma mawili kabla ya sikukuu hana subira hiyo. Huwafunza watu wimbo mzima kwa kasi yake ya mwisho, na anayejifunza huwa ameikosa noti ya pili kabla hajaisahihisha ya kwanza.

Pwani ilikuwa na elimu ya namna hii kabla ya kioo cha García. Katika vyuo vya Kurani mtoto hufunzwa makhraji ya herufi, yaani mahali hasa itokapo kila herufi, tangu kina cha koo hata ncha ya midomo. Mwanachuoni Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, aliyahesabu makhraji hayo kuwa 17. Hakuna kioo wala picha: mwalimu hutamka, mwanafunzi hutamka, husimamishwa, hurudia, mpaka sikio la mwalimu limehamia kichwani mwa mwanafunzi. Vivyo hivyo mwimbaji Siti binti Saad, ambaye hakujua kusoma na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo, alijifunza kuimba kwa kuwasikiliza wajuzi na kuwafuatisha.

Juu ya pumzi, ambayo walimu wengi huanza nayo na kuisifu kupita kiasi, nitasema machache. Pumzi ya kawaida ni nusu lita ya hewa. Mapafu ya mtu mzima yaweza kutoa kiasi cha lita 4 au zaidi, na kazi ya mwimbaji ni kuzitoa kwa uchache, mbavu zikiendelea kuwa wazi ilhali hewa inapungua. Anayeambiwa aimbe kwa tumbo asidhani kwamba sauti hutoka tumboni: kiwambo kilichoko chini ya mapafu kinaposhuka husukuma matumbo, na matumbo, yakikosa pa kwenda, huvimbisha kitovu. Zoezi la kutoa “sss” kwa nguvu isiyobadilika mpaka pumzi iishe lafaa. Lafaa zaidi lile ambalo Ingo Titze wa Marekani amelieneza, la kuimba kupitia mrija mwembamba, kwa kuwa hewa iliyozuiliwa mdomoni huirudia mikunjo ikaisaidia kutetemeka bila ya kugongana kwa nguvu, na mrija wa soda unapatikana katika kila duka la Mwatate.

Vumbi nalo lina neno lake katika nchi kavu kama hii, baina ya mashamba ya mkonge na barabara ya Taveta. Waimbaji wetu hujikinga kwa tangawizi, limau na asali, nami siwakatazi, kwa kuwa ni vitamu. Ila na wajue kwamba kinachomezwa hupita katika umio na hakiigusi mikunjo ya sauti, ambayo ikiguswa na tone moja la chai mtu hukohoa hata machozi yakamtoka. Maji huifikia kwa damu, na kwa hiyo yanywewe tangu asubuhi, si mlangoni mwa kanisa.

Narudi kwenye sikio, maana uchunguzi ule wa 2012 ulikuwa na jambo la pili: watu waliifuata vyema zaidi sauti yao wenyewe iliyorekodiwa kuliko sauti ya chombo. Kumpigia mwanafunzi noti ya kinanda na kumwambia aifuate ni kumwanzisha palipo pagumu. Hapo ile do re mi, ambayo mchungaji John Curwen aliichukua kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich akaieneza tangu miaka ya 1840, na ambayo wamisionari waliifikisha hata milimani kwetu, ina fadhila ambayo hutumiwa kwa nadra: do yake haina makao maalumu. Mwalimu aliye mstahimilivu na amwombe mwanafunzi atoe sauti yoyote imjiayo, juu au chini. Aifuate yeye kwanza. Aiite hiyo do. Kisha wapande pamoja, hatua moja hadi re, wakae hapo, hatua nyingine hadi mi, na mwanafunzi ajirekodi kwa simu na kujisikiliza kabla ya kusahihishwa. Sauti ya simuni itamshangaza, kwa sababu sauti yake humfikia kila siku kupitia mifupa ya fuvu pamoja na hewa, na simu huchukua ile ya hewani tu, ambayo ndiyo wasikiayo wengine. Akiisha kuzizoea hatua hizo mbili, fa itamsumbua, kwa kuwa kutoka mi hadi fa ni nusu tu ya hatua zilizotangulia na koo lililozoea hatua nzima hupitiliza. Basi somo la pili lianze hapo.