Umejuaje?

Paukwa! Nawasikia mkiitikia: Pakawa! Sogeeni karibu, wajukuu wangu wa Minneapolis, Saint Paul na Brooklyn Park. Theluji inaanza kuyeyuka, na shuleni mnajiandaa kwa MCA, mtihani wa kusoma wanaoufanya watoto wa Minnesota kuanzia darasa la tatu hadi la nane, kisha tena darasa la kumi. Kabla hamjakaa mbele ya kompyuta, sikilizeni kisa.

Siku moja ya Januari, maporomoko ya Minnehaha yaliganda yote. Kijito kilikuwa kioo. Upepo ukapiga mluzi, ukitafuta masikio ya kung'ata. Sungura alipita akitetemeka kama unyoya, akamkuta Kindi juu ya mwaloni akitafuna mbegu.

"Jirani, umekula?" akauliza Kindi.

"Nimeshiba sana," akajibu Sungura. Lakini macho yake hayakubanduka mikononi mwa Kindi, na tumbo likalia: nguru, nguru!

Kindi akanyamaza kidogo. Mara mbegu tatu zikaanguka chini. "Lo, zimeniponyoka!" akasema. "Nani atashuka kwenye baridi hii kwa ajili ya mbegu tatu?"

Haya, niambieni: Sungura alikuwa ameshiba? Mnacheka! Umejuaje, basi, wakati mwenyewe kasema ameshiba? Macho yamemsema, tumbo limemsema. Huo ndio ushahidi. Na Kindi, mbegu zilimponyoka kweli? Tazameni pale aliponyamaza. Alikuwa akifikiri namna ya kumpa mwenzake bila kumwaibisha. Hadithi haikutamka hivyo popote, lakini imeacha alama, na msomaji hodari huzifuata. Maswali ya namna hii ndiyo huwatatiza watoto wengi, kwa hiyo kila mnapochagua jibu, jiulizeni: umejuaje? Wekeni kidole kwenye sentensi iliyowaambia.

Kuna mtego hapa. Jibu linaweza kuwa la kweli duniani na bado likawa si sahihi. Sungura wa Minnesota hula magome ya miti wakati wa baridi. Ni kweli kabisa. Lakini kisa chetu hakikutaja magome, basi jibu hilo liacheni.

Maneno ya fasihi sasa hayatawatisha, kwa sababu mifano yake yote mmeshaisikia kwenye kisa. Minnehaha mwezi Januari ni mandhari. Kutetemeka kama unyoya ni tashbihi, maana kuna neno "kama". Kijito kuwa kioo ni sitiari, maana "kama" imeondolewa. Upepo unaopiga mluzi kama mtu ni tashihisi, na lile nguru nguru ni tanakali ya sauti. Dhamira ndiyo inayotaka subira. Ukisema "njaa", umetaja mada tu. Dhamira huisemi kwa neno moja: mtu anaweza kumsaidia mwenzake huku akimsitiri.

Msimulizi naye huwachanganya wengi. Kate DiCamillo alikiandika kitabu *Because of Winn-Dixie*, kilichotoka mwaka 2000, akiwa hapa Minneapolis kwenye baridi kali. Lakini mandhari ya kitabu ni Florida yenye joto, na anayesema "mimi" ni Opal, msichana wa miaka kumi. Mwandishi ni mtu mzima aliyekaa mezani. Msimulizi ni sauti aliyoibuni. Mkiona "mimi" kwenye kifungu, ulizeni ni nani huyo anayesema.

Mtapewa pia habari za kweli, na huko hakuna Sungura. Chukueni hii. Tarehe 2 Mei 1878, kinu kikubwa cha unga cha Washburn, kando ya Mississippi hapa Minneapolis, kililipuka. Vumbi la unga lililojaa hewani lilishika moto, na watu 18 wakafa. Baadaye vinu viliwekewa mitambo ya kuondoa vumbi. Wazo kuu ni lipi? Si idadi ya waliokufa, ingawa inaumiza. Hiyo ni habari ya kuliunga mkono. Wazo kuu ni kwamba vumbi la unga lilileta maafa, na maafa yale yakabadilisha vinu. Mkiona maneno kama "kwa sababu", "hivyo" au "baadaye", punguzeni mwendo, maana hapo sababu na matokeo hukutana.

Nyumbani, mama au babu akiwasimulia jambo kwa Kiswahili, mwulizeni maswali haya haya: nani, wapi, kwa nini, na umejuaje. Akili inayojibu kwa Kiswahili ndiyo hiyo hiyo itakayosoma Kiingereza darasani. Na MCA haina saa ya kuwakimbiza. Mkifika kwenye neno msilolijua, someni sentensi iliyotangulia na inayofuata, kisha rudini kwenye neno lenyewe.