Gramu 400, Bili ya Dola 600

Katika maduka ya wanyama ya Marekani, mjusi wa ndevu wa rangi ya kawaida huuzwa kwa dola 50 hadi 100. Siku miguu yake ya nyuma itakapolegea akaanza kuiburura, hesabu hubadilika. Kumwona daktari aliyezoea reptilia ni kati ya dola 80 na 150, picha mbili za eksirei ni dola 150 hadi 250, na vipimo vya damu ni dola 100 hadi 200. Jumla ni dola 330 hadi 600 kwa siku moja, kabla ya dawa. Hata kama mjusi alinunuliwa kwa dola 100 kamili, hiyo ni mara tatu hadi sita ya bei yake.

Wengi hushtuka kwa sababu mnyama mwenyewe ni mdogo. *Pogona vitticeps*, mwenyeji wa nyanda kame za ndani ya Australia, akikomaa huwa na gramu 300 hadi 500, na katika urefu wake wa sentimita 40 hadi 60, karibu nusu au zaidi ni mkia. Lakini mashine inayompiga picha ndiyo inayompiga mbwa wa kilo 40, na muda wa daktari hauuzwi kwa gramu. Kaya karibu milioni 6 za Marekani hufuga reptilia wa namna moja au nyingine, ilhali kliniki nyingi zimejengwa kwa ajili ya mbwa na paka, kwa hiyo anayewajua mijusi mara nyingi yuko mbali na si wa bei ya chini. Udogo wa mnyama haupunguzi gharama hata kidogo. Unachopunguza ni nafasi ya kukosea.

Chukua damu. Kwa reptilia, damu ni kama asilimia 5 hadi 8 ya uzito wa mwili, na daktari mwangalifu hachoti zaidi ya sehemu ya kumi ya hiyo. Kwa mjusi wa gramu 400 anapata mililita 2 au 3, zinazotosha vipimo vya maana. Kwa mtoto wa gramu 20 anapata matone mawili au matatu, basi. Akikosea mara ya kwanza, hana damu ya kujaribia mara ya pili.

Sababu ya kwanza ya kushukiwa, hasa kwa mjusi mchanga, ni mifupa kukosa kalsiamu. Ni ndugu wa matege ya watoto. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi za parathiroidi hutoa homoni inayoamuru mifupa ikopeshe. Mkopo huo haulipwi, mifupa inakuwa laini, taya linabonyea, vidole vinatetemeka, na miguu ya nyuma inashindwa kunyanyua kiwiliwili. Wachanga ndio huumia zaidi kwa kuwa wanakua kwa kasi ya ajabu: kutoka gramu 2 au 3 siku ya kuanguliwa hadi gramu 400 ndani ya miezi 12 hadi 18. Hilo ni ongezeko la zaidi ya mara 130, na mfupa wote huo lazima utoke kwenye chakula.

Na chakula chenyewe kina kasoro. Lishe ya mjusi huyu inatakiwa iwe na kalsiamu mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi. Kilo moja ya nyenje wa kufugwa ina takriban miligramu 400 za kalsiamu na miligramu 2,950 za fosforasi, yaani mambo yamegeuka kichwa chini, moja kwa saba. Funza wa unga ni wabaya zaidi, kama moja kwa kumi na saba. Sasa piga hesabu ya mlo wa nyenje kumi wenye uzito wa gramu 5. Wanaleta miligramu 2 za kalsiamu na karibu 15 za fosforasi. Ili kufikia mbili kwa moja zinahitajika miligramu 28 zaidi. Kabonati ya kalsiamu ni kalsiamu kwa asilimia 40, kwa hiyo unahitaji miligramu 70 za unga wake, kiasi kisichojaza ncha ya kijiko. Kopo la gramu 227 huuzwa kwa takriban dola 8 hadi 10. Hata ukijalia kwamba theluthi mbili ya unga itamwagika badala ya kuganda kwenye nyenje, kopo hilo litahudumia milo zaidi ya elfu moja. Ni chini ya senti moja kwa mlo.

Wako wadudu wasiohitaji unga huo. Mabuu ya nzi chuma, wale wanaofugwa Afrika Mashariki kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki, wana kalsiamu zaidi ya mara mbili ya fosforasi. Kwenye majani, sukuma wiki inashinda kwa mbali: gramu 100 zina takriban miligramu 230 za kalsiamu dhidi ya 25 za fosforasi. Spinachi na mchicha visiwe chakula cha kila siku, maana oksaleti zake huifunga kalsiamu isifyonzwe.

Lakini kalsiamu tumboni bila vitamini D3 inapita tu. Mjusi huitengeneza D3 kwenye ngozi kwa miale ya UVB, kisha anahitaji joto ili kazi hiyo ikamilike, ndiyo maana sehemu yake ya kuota inatakiwa ifike nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Hapa ndipo naona pesa nyingi zinapopotea. Mtu anaweka tangi dirishani akidhani jua linaingia, kumbe kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote. Mwingine ana taa sahihi lakini imekaa juu ya wavu, na wavu hula theluthi hadi nusu ya miale. Wa tatu ana taa ya miaka miwili: inang'aa vizuri machoni pake, ila UVB ilikwisha zamani. Mirija ya UVB ya kisasa hubadilishwa kila mwaka, ile ya zamani kila miezi sita, na mpya huuzwa dola 30 hadi 40.

Si kila mguu uliolegea ni wa mifupa, hata hivyo. Jike anaweza kuwa na mayai yaliyokwama, na hatagi kwa kuwa na dume tu. Hutaga hata akiwa peke yake. Choo kinaweza kuwa kimejaa na kukauka. Anaweza kuwa ameanguka akavunja uti wa mgongo, au ana jongo kwa figo kuharibika, au adenovirusi inayowashambulia hasa watoto. Kwa macho, wote hawa wanaburura miguu vilevile. Kwa hiyo anayeweza kulipia kipimo kimoja tu, ushauri wangu ni eksirei: picha moja inaonyesha mifupa, mayai, kinyesi na uti wa mgongo. Udhaifu wake ni kwamba mfupa hupoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini kabla upungufu haujaonekana vizuri. Picha safi, basi, haimsafishi mgonjwa, na damu inafuata kupima kalsiamu, fosforasi na asidi ya yuriki.

Kubahatisha nyumbani ni hatari. Ukimjaza kalsiamu na D3 mjusi mwenye figo mbovu, madini hayo yanaweza kuganda kwenye mishipa na viungo laini. Tena kuna suala la kipimo. Dawa ya maji ya kalsiamu inayotumika sana, glubionati, hupewa kama mililita 1 kwa kilo. Mjusi wa gramu 400 anapata mililita 0.4, na bomba dogo la sindano linatosha. Mtoto wa gramu 20 anapata mililita 0.02, ilhali tone moja la kawaida ni kama 0.05. Tone moja tu tayari limezidisha mara mbili na nusu, kwa hiyo dawa huchanganywa na maji kwanza, na daktari ndiye wa kufanya hesabu hiyo. Huku nyumbani matawi yanashushwa asianguke, na joto linasimamiwa kwa kipimajoto badala ya kiganja.

Kinga inagharimu kiasi gani? Taa ya UVB pamoja na kishikio chake ni kama dola 60 mwanzoni. Umeme ndio unaosahaulika: taa ya joto ya wati 100 na mrija wa wati 24, saa 12 kila siku, hula yuniti 543 kwa mwaka, karibu dola 90 kwa bei ya wastani ya majumbani Marekani. Ongeza mrija mpya na kopo moja, unafika dola 130 hadi 140 kwa mwaka. Mjusi huishi miaka 8 hadi 12, hivyo hiyo ni zaidi ya dola 1,000 maishani, na mtu asidanganywe na bei ya dukani kwamba amenunua mnyama wa bei nafuu.

Tiba huchukua wiki hadi miezi. Baada ya wiki sita hadi nane picha hurudiwa, dola 150 nyingine au zaidi, kuona kama mifupa imeanza kuwa myeupe tena kwenye filamu. Iliyokwisha kupinda haitanyooka, ingawa mjusi anaweza kutembea vizuri na mguu wake uliopinda. Uti wa mgongo uliokatika ni habari nyingine. Ikiwa vidole havihisi hata vikibanwa, wiki hizo nane hazibadilishi kitu, na daktari mkweli atalisema hilo kabla ya kuandika bili ya pili.