Feni Inayomeza Pumzi
Katika Kimvita, paa wa porini na paa la nyumba hutenganishwa na mpumuo tu: yule wa kwanza hutamkwa kwa pumzi, hili la pili bila. Pumzi hiyo ndiyo humezwa na mvumo wa feni tunaporekodi wazee kandokando ya tarakilishi. Nawashangaa wenzangu wanaogharimia maikrofoni huku feni ya milimita 80 ikivuma kama nyuki. Kasha likiruhusu, itiwe ya milimita 120. Mabawa yake mapana husukuma hewa ile ile yakizunguka polepole. Tena desibeli zisidharauliwe (wauzaji wengi hawazitaji): ongezeko la 10 tu husikika kama kelele maradufu. Mzee akishafariki, nani atatutamkia paa upya?