Kisanduku Kinachozipa Namba Sauti

Wimbo ukiwa ndani ya kompyuta hauna sauti. Ni msururu wa namba tu: namba 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto, na nyingine 44,100 kwa upande wa kulia. Spika nayo haijui kusoma namba. Ni koni iliyogundishwa kwenye koili ya waya, na koili imezungukwa na sumaku. Ipe umeme unaopanda na kushuka, itakwenda mbele na kurudi nyuma na kuitikisa hewa. Katikati lazima kiwepo kitu cha kupokea namba na kutoa umeme. Kitu hicho ni chipu, mara nyingi ndogo kuliko ukucha, na kwenye maboksi ya madukani huandikwa kwa herufi tatu: DAC. Hapa tukiite kigeuzi.

Kila kompyuta, simu, televisheni na sabufa yenye bluututhi ina kigeuzi chake. Kwa hiyo anayetaka kuunganisha kompyuta na redio kubwa ya sebuleni, ile yenye amplifaya na spika mbili za maana, hana haja ya kuuliza kigeuzi atakipata wapi. Aulize ni kipi kati ya alivyonavyo kifanye kazi, na kikae wapi.

Wazo la kuifanya sauti kuwa namba lilitangulia kompyuta. Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris katika maabara ya kampuni ya simu ya ITT, alikuwa anatafuta dawa ya makelele kwenye simu za masafa marefu. Kila sauti ilipopita kwenye mtambo wa kuikuza njiani, makelele nayo yalikuzwa, na mwisho wa safari msikilizaji akaambulia mikwaruzo. Reeves akafikiri hivi: badala ya kuisafirisha sauti yenyewe, safirisha namba inayotaja ukubwa wake kwa wakati ule. Mtambo wa njiani hautakuza chochote. Utaisoma namba na kuiandika upya, safi kama ilivyotoka. Wazo likapata hataza, likakaa. Vali za redio za zama hizo zilikuwa ghali mno kwa kazi hiyo.

Aliyekuja kulipa gharama ni vita. Kuanzia 1943 wakuu wa Marekani na Uingereza walizungumza kwa mtambo wa siri ulioitwa SIGSALY, wenye uzito wa tani zipatazo 50 kila upande. Mmoja ulikuwa Washington na mwingine kwenye chumba cha chini cha duka la Selfridges, London. Sauti iligeuzwa kuwa namba, namba zikavurugwa kwa kuchanganywa na namba nyingine zisizo na mpangilio, kisha upande wa pili zikachambuliwa. Na hizo namba za kuvurugia zilitunzwa wapi? Kwenye santuri. Zilitengenezwa mbilimbili, nakala moja kwa kila upande, zikazungushwa kwa mwendo mmoja, na baada ya kutumika zikaharibiwa. Wale wapenzi wa santuri wasiotaka hata kusikia neno dijitali wangefurahi kulijua hili.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotosha wengi. Matangazo ya vifaa vya muziki hupenda kuchora wimbi la sauti lililokatwakatwa likawa ngazi, ili mteja aamini kwamba sauti ya dijitali ina vidato, na kwamba akilipa zaidi atapata vidato vidogo zaidi. Si kweli. Kufuatia kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928, Claude Shannon alionyesha kwa hesabu mwaka 1949 kwamba wimbi lisilovuka kiwango fulani cha masafa hurudishwa lote, pamoja na vilivyomo katikati ya sampuli, mradi sampuli zichukuliwe kwa kasi inayozidi mara mbili ya kiwango hicho. Sababu yake ni nzuri kuitafakari: ukiweka nukta zako kwenye karatasi na kusema kwamba mkunjo utakaopita hapo usiwe na mtikisiko unaozidi mpaka huo, unabaki mkunjo mmoja tu unaowezekana. Wa pili haupo. Kichujio kilichomo ndani ya kigeuzi kazi yake ni kuupata huo mmoja. Pima kwa osiloskopu umeme unaotoka kwenye kigeuzi kizuri. Ngazi huzioni, unaona wimbi laini.

Sikio la kijana mzima husikia mpaka hezi 20,000 hivi, na umri ukisogea hupungua. Mara mbili yake ni 40,000. Mbona basi 44,100, namba isiyo na umbo? Ziada kidogo inahitajika ili kichujio kipate nafasi ya kufanya kazi, lakini hiyo mia moja ya mwisho ilitoka kwenye televisheni. Miaka ya 1970, chombo cha bei ya kubebeka chenye nafasi ya kutosha kuhifadhi namba nyingi kiasi hicho kilikuwa mashine ya kurekodia video. Wahandisi waligeuza namba za muziki kuwa picha ya vidoti vyeupe na vyeusi, wakazirekodi kwenye kanda kana kwamba ni kipindi. Kwa mfumo wa Japani na Marekani walipata mistari 245 ya kutumia, mara 60 kwa sekunde, sampuli 3 kwa kila mstari. Kwa mfumo wa Ulaya, mistari 294, mara 50, sampuli 3. Zidisha vyovyote, jibu ni 44,100. Kanda zikapitwa na wakati, namba ikabaki, na hadi leo ndiyo kasi ya nyimbo nyingi ulizonazo.

Sony na Philips waliichukua namba hiyo wakaitia kwenye sidii, na mashine ya kwanza, Sony CDP-101, iliingia sokoni Japani Oktoba 1982. Kila sampuli ilipewa biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa, ambazo zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kelele ya chini kabisa na sauti ya juu kabisa. Kutengeneza chipu yenye usahihi huo hakukuwa rahisi. Mbinu ya kawaida ilikuwa kupanga resista, kila moja ikitoa nusu ya mwenzake. Ile kubwa kuliko zote ikikosea hata kwa sehemu moja ya elfu thelathini, tayari imeimeza ngazi ndogo kabisa. Philips walikuwa na chipu ya biti 14 tu. Hawakusubiri. Walifanya kigeuzi kihesabu sampuli za katikati na kukimbia kwa kasi mara nne, huku makosa ya hesabu yakisukumwa juu kwenye masafa ambayo sikio halifiki, na biti zile 14 zikatoa sauti ya biti 16. Vigeuzi vingi vya leo ni wajukuu wa ujanja huo: hutumia ngazi chache tu, lakini hubadilika mamilioni ya mara kwa sekunde.

Ndiyo maana kigeuzi kizuri kimekuwa rahisi. Kile kipande cha waya ambacho Apple walianza kukiuza kwa dola 9, cha kuunganishia earphone kwenye tundu la USB-C, kina kigeuzi kamili ndani yake, na ukikipima kinazishinda mashine nyingi za sidii zilizokuwa fahari ya sebule zamani.

Tatizo la kompyuta basi si chipu yake ya sauti. Ni majirani. Ndani ya laptopu, sentimita chache tu kutoka kwenye kigeuzi, kuna prosesa inayomeza umeme kwa mafungu, feni, antena ya Wi-Fi, na saketi zinazokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Sauti ikishakuwa umeme wa kawaida haina tena ile kinga ya Reeves. Chochote kinachoidonoa kinabaki ndani yake. Ukisogeza mausi ukasikia mnong'ono kwenye spika unaofuata mkono wako, huyo ni jirani anapiga hodi.

Halafu kuna ule mngurumo. Umeme wa Tanzania na Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na masafa hayo ni besi unayoweza kuisikia vizuri. Chaja ya laptopu ikiwa na waya wa athi, na amplifaya nayo ikiwa na wa kwake, halafu ukaviunganisha kwa waya wa sauti, umetengeneza mzunguko unaopitisha umeme wa athi ndani ya waya wa muziki. Kuujua ni rahisi: chomoa chaja, laptopu iende kwa betri. Mngurumo ukinyamaza, umempata mhalifu. Wapo watakaokushauri ukate pini ya athi kwenye plagi. Usikubali, waya ule upo ili bati la amplifaya likipata hitilafu lisikuue.

Dawa yenyewe ni kuzitoa namba nje ya laptopu kwa mwanga, zigeuzwe na kigeuzi kilicho mbali na majirani hao. Mwaka 1983 Toshiba walileta waya wa plastiki, TOSLINK, unaobeba namba kwa kuwasha na kuzima taa nyekundu. Umeme haupiti humo kabisa, kwa hiyo mzunguko wa athi unakatika pale pale. Televisheni nyingi bado zina tundu lake, amplifaya nyingi zenye kigeuzi ndani pia, na laptopu za MacBook Pro za kabla ya 2016 zililificha ndani ya tundu la earphone: ukichungulia unaona nuru nyekundu, na wapo waliodhani ni ubovu.

Njia hiyo ina kasoro moja ya kihandisi, na ni saa. Namba 44,100 lazima zitoke kwa mwendo usioyumba, na kwenye waya wa mwanga mwendo unawekwa na kompyuta; kigeuzi kiko katika hali ya mchezaji anayefuata ngoma inayopigwa chumba cha pili. Vigeuzi vya kisasa vya mezani, vinavyounganishwa kwa USB, viligeuza utaratibu: saa inakaa ndani ya kigeuzi, nacho ndicho kinachoiambia kompyuta iongeze au ipunguze kasi ya kuleta namba. Kwenye karatasi USB ni bora. Masikioni, kwa vifaa vilivyotengenezwa vizuri, sijawahi kuona sababu ya kugombana. Kumbuka tu kwamba waya wa USB una shaba ndani yake, kwa hiyo mngurumo wa athi unaweza kubaki. Ukibaki, rudi kwenye mwanga.

Kuhusu bei ya waya hizi, neno moja. Waya wa dijitali ukiharibika, muziki unakatika au unatoa mikwaruzo ya ghafla. Hauwezi kupunguza besi wala kulifanya zumari liwe tamu. Anayekuuzia waya wa USB kwa bei ya mbuzi akikuahidi utamu, mwache na mbuzi wake.

Ukishapata waya na kigeuzi, bado kompyuta yenyewe hupenda kuzigusa namba. Windows huchanganya sauti zote, wimbo wako na kengele ya barua pepe, kwa kasi moja uliyoichagua kwenye mipangilio, na mara nyingi kasi hiyo ni 48,000, iliyozoeleka kwenye video. Wimbo wa 44,100 unahesabiwa upya ili ulingane. Hesabu za siku hizi ni nzuri, sitakudanganya kwamba utasikia maafa, lakini kuirekebisha ni kazi ya dakika. Au tumia programu kama foobar2000 na uipe kigeuzi peke yake, isichanganywe na kitu. Windows imeruhusu hilo tangu Vista. Kwenye Mac kasi hubadilishwa ndani ya programu iitwayo Audio MIDI Setup.

Sauti ya kompyuta iweke juu kabisa, upunguzie kwenye amplifaya. Kila desibeli 6 unazopunguza kwenye kompyuta hutafuna biti moja. Kigeuzi cha biti 24 kina akiba ya kuvumilia. Cha biti 16 hakina. Lakini anza na kitufe cha amplifaya kikiwa chini, maana kigeuzi cha mezani hutoa kama volti 2, nyingi kuliko tundu la earphone la laptopu nyingi. Na waya uingie kwenye tundu lililoandikwa CD au AUX. Lile la PHONO ni la sindano ya santuri: hukuza sauti karibu mara mia na kuongeza besi makusudi, na ukiingiza kompyuta humo utakachosikia ni kishindo cha matope.

Baada ya hapo utaanza kuuziwa mafaili ya biti 24 kwa kasi ya 192,000. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554: wasikilizaji walitakiwa kutofautisha sauti ya kiwango cha juu na hiyohiyo iliyopitishwa kwenye kiwango cha sidii. Walipatia mara 276, kidogo chini ya nusu, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha tafiti 18 akapata asilimia 52.3. Kwa hiyo huenda kitu kipo, ila ni chembamba sana. Kwa nyimbo za dansi za kina Mbaraka Mwinshehe hesabu ni nyepesi zaidi. Mwinshehe alifariki 1979, kabla ya sidii. Tulichonacho kimetoka kwenye kanda na santuri ambazo nafasi yake kati ya kelele ya chini na sauti ya juu ni ndogo sana kuliko zile desibeli 96. Biti 16 zinabeba kila kilichomo, na nafasi inabaki. Faili kubwa zaidi litainakili mikwaruzo ya sindano kwa uaminifu, na kukumalizia bando.